Mapepe

Siku ya arobaini ya mama mkwe wangu, kule Marui, nilipata kumwogesha mwanangu bila mtu wa kunisimamia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Wanawake walikuwa uani wakichambua mchele wa hitima, wifi yangu Mwajuma alikuwa kaenda kuazima sufuria kubwa, na Nasra alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikachota maji, nikamsimamisha juu ya jiwe la bafuni, nikaanza kumpaka sabuni mgongoni. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kafumba macho, kabana mikono kifuani, anasoma kitu haraka haraka kwa kunong'ona, akifika mwisho anaanza tena. Kusema kweli niliona raha. Nikajiambia, mtoto wa miaka sita na aya ndefu namna hii kashaihifadhi, bibi yake kafanya kazi. Nikamuuliza anasoma nini, akasema aliyofundishwa na bibi. Nikamuuliza kama ni dua ya kuogea. Akatikisa kichwa bila kufumbua macho.

"Ya mapepo yako. Bibi alisema nikiwa na wewe peke yetu nisome, yasinirukie."

Nikamwambia mama yako hana mapepo. Akanijibu kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa: "Unayo. Imeandikwa kwenye daftari la hospitali."

Kopo lilinitoka mkononi likagonga bati la bafu. Niseme ukweli, halikunitoka, nililirusha. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwangu, nani kasema, nani kamwambia mwanangu maneno hayo. Nasra akatoka mbio na sabuni mwilini, akapita katikati ya sinia za mchele, akajificha nyuma ya shangazi yake aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na sufuria kichwani. Wanawake wote wakasimama. Bibi mmoja wa jirani akaanza kusoma kwa sauti, na wengine wakamfuata. Nikaziona nyuso zao. Hawakushangaa hata mmoja. Miaka mitatu walikuwa wanaingoja siku hii, na mimi nimewaletea, tena kwenye arobaini, nikiwa nimelowa, kanga imenivuka begani. Mwajuma akatua sufuria, akanyoosha kiganja kuelekea kwangu kama anatuliza ng'ombe. Akasema, "Wifi, tulia. Tunajua siyo wewe unayesema."

Nikamwambia anipe hilo daftari. Hakuuliza daftari gani. Akaingia chumbani kwa marehemu, nikasikia kasha linafunguka, akarudi na daftari langu la matibabu limeviringishwa kwenye kipande cha kanga, kavu, safi, halina hata kona iliyokunjika. Nilikuwa sijawahi kulifungua. Sababu nitaieleza. Mwandiko ni wa bluu, wa kulala, na chini yake kuna muhuri wa kituo cha afya. Yameandikwa hivi: "Mgonjwa ana ADHD, yaani ana mapepo. Aendelee na dawa. Familia imsaidie na mtoto." Nikasoma mara nne. Daktari alisema mapepe. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu, na nilicheka aliposema. Mapepe, kama tunavyosema kila siku mtaani kwa mtu asiyetulia, anayeanza hili akarukia lile, anayekuja kukuomba kijiko akaondoka bila kijiko na ameacha na ndala zake. Neno la utani tu. Mtu ana mapepe. Na aliyeshika kalamu kaandika mapepo.

Tangu siku ile nimeirudia miaka ile mitatu yote kichwani, siku kwa siku, kama mtu anayerudi kuangalia wapi alidondosha ufunguo, na kila nilichokuwa nakikumbuka kimegeuka.

Yote yalianza Kibaha, na yalianza kwa kosa langu, silikatai. Nilikuwa nafanya kazi steshenari, kazi ninayofanya mpaka leo: kutoa nakala, kuchapa barua, kujazia watu fomu. Mwenye duka alikuwa kashanionya mara nyingi kwa tabia moja, ya kuacha karatasi halisi chini ya kifuniko cha mashine. Mtu anaondoka na nakala zake, cheti chake cha kuzaliwa kimebaki kwangu, anarudi kesho kutwa anatetemeka. Nyumbani ni hivyo hivyo. Nguo zinalowekwa zinaoza kwenye beseni. Mboga inaungua nikiwa nimesimama palepale, nimeshika mwiko, nawaza jambo lingine. Mume wangu Shabani, fundi umeme, alikuwa ananitania mwanzoni, baadaye akaacha kutania. Nilijiita mvivu. Nilijiita mjinga, mimi niliyefaulu kidato cha nne. Ripoti zangu za shule zote zilisema kitu kimoja kwa miandiko tofauti, ana uwezo lakini hatulii, na nilikuwa naona ni tusi lenye haki. Sasa siku moja mchana nikatoka na Nasra, wakati huo ana miaka mitatu, kwenda kuuliza bei ya mtungi wa gesi. Nikamkalisha kwenye benchi la dukani nikampa biskuti. Simu ikaita, mteja ananitafuta, nikaongea naye huku natembea, nikafika nyumbani, nikapasha uji, nikamimina vikombe viwili. Nikanywa changu. Nikaangalia kikombe cha pili nikajiuliza nimemmiminia nani.

Alikuwa bado palepale kwenye benchi. Mwenye duka kamfunika na leso yake jua lisimpige. Biskuti kaishika, hajaila, anasema anamsubiri mama. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, njia nzima, na watu wananiangalia. Shabani alipojua hakunipiga wala hakunitukana. Alifunga nguo zetu kwenye begi moja, akatupeleka Marui kwa mama yake.

Bi Zena, mama mkwe wangu, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyependa makuu. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nikisimulia habari hii watu wa Kibaha wanaruka moja kwa moja kwenye kusema, aah, mambo ya shamba hayo, wamezoea waganga. Hapana. Jirani alipomshauri anipeleke kwa mganga, nilikuwa chumbani nasikia. Bi Zena alimjibu kwamba mkwe wake kasoma, naye hampeleki mtu aliyesoma akapigiwe ngoma, atampeleka hospitali apimwe. Alikuwa anaiamini hospitali kuliko mimi ninavyoiamini. Karatasi yenye muhuri aliishika kwa mikono miwili. Asubuhi ya safari alinipikia bada, ule ugali wa muhogo, na kunde za nazi, akaniwekea kipande kikubwa cha samaki, akasema kichwa hakipimwi na njaa. Tukaenda kituo cha afya kule Kisarawe, ambako kila Alhamisi kulikuwa na daktari wa mambo ya akili anayeonana na watu kwa video.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo zamani. Kulikuwa na friji la chanjo lisilofanya kazi, meza moja, na kishikwambi kimeegemezwa kwenye boksi la glavu. Daktari alikuwa Dar, mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, nyuma yake pazia la maua. Mhudumu, dada wa umri wangu, alikaa pembeni na daftari langu, kwa sababu daktari wa kwenye kioo hana namna ya kuandika kwenye daftari lililoko Kisarawe. Alilosema daktari, mhudumu ndiye anaandika. Mtandao ulikuwa unakata. Daktari anafungua mdomo, anaganda, sauti inakuja baadaye peke yake. Aliniuliza mambo ambayo sikujua kama mtu anaweza kuyajua. Kama naanza kazi sizimalizi. Kama namkatiza mtu kabla hajamaliza kusema. Kama nikikaa mahali mguu unacheza. Kama ilikuwa hivi toka utotoni. Akasema anataka kusikia pia kutoka kwa mtu anayeishi na mimi, na Bi Zena akajisogeza mbele, akatengeneza mtandio, akamsalimia kishikwambi.

"Huyu mtoto siyo mbaya, daktari. Ila anatia chumvi kwenye chai, halafu anainywa hivyo hivyo ili nisijue."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nikacheka. Halafu akaniangalia, akaniambia, "Mwanaidi, wewe siyo mvivu." Nikashindwa kujizuia. Miaka ishirini na tano nimengoja mtu aniambie hivyo, na kaniambia mtu ambaye hata mkono wake sijaushika. Akaeleza. Kwamba hali hii inaitwa ADHD, kwamba watu wanadhani ni ya watoto watundu tu, kumbe mtu anakua nayo, na wanawake wengi wanafika uzeeni wakijiita wazembe bila kujua. Kwamba ubongo wangu siyo mbovu, ila kuchagua kipi cha kusikiliza na kipi cha kuacha kunaupa tabu. Kwamba haiponi kama malaria inavyopona, ila inatibika, mtu anaishi nayo vizuri. Ataniandikia dawa, na wiki chache za mwanzo familia inisaidie na mtoto mpaka nizoee. Halafu akamwambia mhudumu, "Waandikie na kwa Kiswahili, nyumbani waelewe. Ni yale ambayo mtaani wanayaita mapepe." Hapo ndipo nilipocheka tena. Neno ambalo nimeitwa toka darasa la pili, leo linatoka kwa daktari. Sauti ilikuwa inakwaruza na picha imeganda, mdomo wa daktari uko wazi. Bi Zena hakucheka. Nilimwona kashika ukingo wa meza. Nilidhani kachoka na safari.

Mhudumu akapiga muhuri, akaninyooshea daftari. Bi Zena akalidaka kabla yangu. "Nipe mimi, mwanangu, wewe utalipoteza." Na ni kweli, ningelipoteza. Hiyo ndiyo sababu sikuwahi kulisoma. Nimelizungusha kichwani hilo mpaka nimechoka: ugonjwa wangu mwenyewe ndio ulionizuia kuona walichoniandikia kuhusu ugonjwa wangu. Bi Zena kusoma alikuwa hawezi vizuri. Alimpa Mwajuma amsomee, nyuma ya banda la kuku. Mwajuma kasoma kilichoandikwa. Simlaumu kwa kujua kusoma.

Miezi iliyofuata ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa naihesabu kuwa miezi mizuri. Dawa ilinikamata wiki ya pili. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua kisamvu, nikashtuka nimekimaliza. Chote. Kichwani mlikuwa kimya, kama jirani aliyekuwa anafungulia redio maisha yako yote leo kaipunguza. Nikaenda kumwonyesha Bi Zena ungo wa kisamvu kama mtoto anayeonyesha daftari la hesabu, akaniambia Alhamdulillah, macho yamemjaa machozi. Daktari alinifundisha na mambo ya kufanya. Kila kitu kiwe na mahali pake. Simu inikumbushe. Na kubwa kuliko yote, kabla sijavuka mlango nisimame, nitaje kwa sauti ninachotakiwa kuwa nacho, mdomo useme na sikio lisikie. Basi mimi nikawa nasimama mlangoni kwa Bi Zena, asubuhi, mchana, nasema peke yangu: ufunguo, pochi, simu, mtoto. Ufunguo, pochi, simu, mtoto. Wakati mwingine mara tatu. Na nyuma yangu, ndani, mtu anasikiliza mkwe wake akizungumza na asiyeonekana, na kila mara anamtaja mtoto.

Sasa naelewa kwa nini hawakuniacha na Nasra hata siku moja. Nikienda naye kisimani, Mwajuma naye anakumbuka kwamba ndoo yake haina maji. Nikilala naye mchana, Bi Zena anatandika mkeka mlangoni anakosuka ukili. Nilidhani ni ule msaada aliosema daktari. Niliwashukuru. Siku moja nikiwa naanua nguo nyuma ya nyumba nilimsikia Bi Zena akimwambia jirani, "Mwenyewe hajui kama tunajua, na msimwambie, ataona aibu." Nikajua ni habari ya kumsahau mtoto kwenye benchi, kwamba Shabani kawaambia kijiji kizima na bibi wa watu ananifichia aibu yangu. Nikakunja nguo polepole. Nikampenda kuliko nilivyokuwa nampenda asubuhi yake. Na hapo hapo sikukosea, kwa sababu alikuwa ananifichia aibu kweli. Aibu tu ndiyo haikuwa yangu.

Nilirudi Kibaha baada ya miezi minne. Nasra akabaki, kwa muda, mpaka nitulie. Daktari aliendelea kuniona kwa simu. Nilikuwa nakaa nyuma ya duka kwenye rimu za karatasi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya wino, na tunaongea robo saa, vipi usingizi, vipi kazi, dawa umeipata au imekosekana duka la dawa. Ilikuwa inakosekana. Wiki nyingine nilikuwa naimeza nusu ili ifike. Lakini kwenye mashine sikuacha karatasi ya mtu. Nilibandika maandishi juu ya kifuniko, INUA, na nikawa nainua. Mwenye duka akanipa ufunguo wa kufungulia asubuhi, na sikuupoteza. Nyumbani Shabani alianza kuacha kisomo kikisikika kwenye spika yake kutwa nzima, hata akiwa hayupo. Nikadhani kaanza kushika dini, nikafurahi, nikawa napika huku nasikiliza. Halafu akawa analala saiti Dar, kwanza siku mbili, halafu wiki. Hajaniacha na hajarudi. Mpaka leo nikimuuliza anasema kazi.

Kila mwisho wa wiki ya pili nilikwenda Marui kumchukua mwanangu, na kila mara nilirudi bila yeye. Bi Zena ananikaribisha, ananipa maji, namwamkia shikamoo, anaitika marahaba mwanangu, halafu anauliza swali lile lile, anaangalia pembeni: umeshapona? Nami kwa ujinga wangu wa kusema kweli nilimjibu kama nilivyofundishwa. Nakumbuka mara moja hasa, tumekaa barazani tunamenya mihogo, Nasra yuko mapajani kwake.

Nilimwambia, "Hayatoki haya, mama. Daktari kasema hayatoki, unajifunza kuishi nayo tu. Mimi na yenyewe sasa tunaelewana."

Alimkumbatia Nasra kifuani kwa mkono mmoja, na kisu kikabaki hewani kwenye mkono mwingine. Akasema, haya, tumshukuru Mungu, basi mtoto abaki kidogo. Nikasema haya. Nilisema haya kwa miaka mitatu. Nilikubali kwa sababu ndani yangu niliamini ni haki yangu, kwamba mwanamke aliyemsahau mtoto kwenye benchi hana mdomo wa kudai. Nilidhani wananihukumu kwa nilichofanya. Kumbe walinisamehe siku ile ile. Walikuwa wananiogopa kwa kitu ambacho sina.

Bi Zena alikufa kwa presha, ghafla, anasuka ukili. Kwenye msiba mimi ndiye niliyelia kupita wanawe. Alikuwa ameniogesha mimi nilipokuwa siwezi kunyanyuka kitandani wiki ya kwanza niliyoletwa Marui, alikuwa amenivumilia, na alikuwa amemfundisha mwanangu kujikinga nisimdhuru, yote kwa mikono ile ile. Sina wa kumkasirikia hapo. Kama angeniuliza mara moja tu, mwanangu, haya mapepo uliyapata wapi, ningecheka, ningemwambia mama, ni mapepe, siyo mapepo, na tungeyamaliza pale pale juu ya mihogo. Adabu yake ilimzuia kuuliza. Na swali lenyewe nimelipata siku arobaini baada ya kumzika.

Nilimweleza daktari. Akasema alitakiwa kumwomba mhudumu amsomee alichoandika, naye hakufanya hivyo, na kama nitaandika malalamiko nimtaje bila kumwonea haya. Nikaenda kituoni Kisarawe na daftari. Mhudumu yule kashahamishwa. Mkuu wa kituo, kijana mpole, alisoma ukurasa, akatabasamu.

"Dada, lakini hii ni herufi moja tu."

Akachukua kalamu yake mfukoni, na mbele ya macho yangu akaiinamia ile o kutaka kuichorea mstari iwe e. Nilimpokonya daftari. Nikamuuliza akishaichora, nani ataiona, aliyesomewa kashalala kaburini. Akasema basi, kama sijaridhika, utaratibu ni kuandika barua, anayesikiliza ni mganga mkuu wa wilaya. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kwamba watu wengi wakisikia neno barua wanarudi nyumbani. Hakujua nafanya kazi gani. Nimewaandikia watu barua za mipaka ya viwanja, za mbuzi waliokula bustani, za mafao ya marehemu, za walimu wanaochapa kupita kiasi. Naandika Yah kabla sijakaa kwenye kiti. Ya kwangu ilinichukua siku nzima, kwa sababu kila nikifika kwenye jina la mwanangu nilikuwa nainuka nazunguka duka. Nilitoa nakala mbili. Nikainua kifuniko, nikachukua halisi, nikainua tena kuhakikisha. Nikasimama mlangoni nikataja kwa sauti, wateja wakiwepo: barua, nakala, daftari, nauli. Nikaipeleka mwenyewe, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Hii hapa.

Mwanaidi, mama Nasra,
Kibaha, Pwani.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya,
Kisarawe.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NENO LILILOANDIKWA KWENYE DAFTARI LANGU LA MATIBABU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mgonjwa niliyehudumiwa kwa njia ya video katika kituo kilicho chini yako. Daktari alisema nina mapepe. Mhudumu wako aliandika nina mapepo, akapiga muhuri. Nakala ya ukurasa nimeambatanisha. Daktari amekubali kutoa maelezo, na anakiri kwamba hakuomba kusomewa.

Nimeambiwa kituoni kwamba ni herufi moja. Ni kweli, ni moja, nimeihesabu. Kwa herufi hiyo mume wangu hakai nyumbani. Kwa herufi hiyo mama mkwe wangu alikufa akiniombea nitokwe na kitu kisichokuwepo. Kwa herufi hiyo mwanangu anafumba macho nikimgusa.

Sidai fidia. Sitaki pia mhudumu yule afukuzwe, kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya na hakuna aliyemwambia aulize. Naomba kuanzia sasa, daktari akiwa kwenye video, anayeandika asome kwa sauti alichoandika, daktari asikie na mgonjwa asikie, ndipo muhuri upigwe. Mgonjwa apewe nafasi ya kulisoma daftari lake mwenyewe kabla ya kutoka chumbani, hata kama ni mtu wa kupoteza vitu. Hasa kama ni mtu wa kupoteza vitu.

Ombi langu la mwisho siyo la ofisi, lakini ofisi yako tu ndiyo inayoweza kulitimiza. Naomba niandikiwe ukurasa mpya, wenye muhuri kama ule wa kwanza, usemao mama yake Nasra hana mapepo, ana mapepe. Nyumbani kwetu kinachoaminiwa ni muhuri. Mimi nimeshasema kwa mdomo na haikusaidia.

Naomba uandikwe kwa herufi kubwa na kwa nafasi. Atakayeusoma yuko darasa la kwanza. Maneno marefu bado yanampa shida, lakini e na o ameshafundishwa.

Mwanaidi